KITOTO CHA PAKA NA MSWAKI: NUSURA NIUE!

Wale mliolalamika kwamba wiki iliyopita niliandika kifupi kama mtu anayekimbilia daladala, leo nawapa sababu. Nilikuwa nauguza. Na aliyekuwa anaumwa si dingi wala maza, si mchumba wala mshikaji. Ni paka. Tena si paka mzima, ni kitoto cha paka cha miezi minne, ukikitia kwenye kiatu changu kinajikunja kinalala na nafasi inabaki.

Cheka, cheka umalize. Nakusubiri.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Dada yangu alipata uhamisho wa kikazi kwenda Mtwara, akaniomba nikae na binti yake mpaka amalize muhula. Mtoto ana miaka saba, yuko darasa la pili, na mdomoni kwa mbele hakuna kitu, meno mawili ya juu yametoka kwa mpigo. Mimi namuita Kibogoyo, yeye ananiita Anko, tunaelewana. Siku anakuja kwangu Mwananyamala alishuka kwenye bajaji na begi la shule, ndoo ya nguo na boksi la viatu lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi kulikuwa na kiumbe cha rangi ya manjano iliyokolea. Ndiyo maana kinaitwa Bizari.

"Anko, mama kasema umtunze kama unavyonitunza mimi."

Sijui kama dada alisema hivyo kweli. Ninachojua ni kwamba kila jioni akipiga simu, swali la kwanza ni la mtoto na la pili ni la paka. Na ninajua kwamba usiku Kibogoyo akimkumbuka mama yake halii kwa sauti, anamvuta Bizari ndani ya shuka, basi, analala. Ukiacha nguo, huyo paka ndicho kitu pekee cha nyumbani kwao alichokuja nacho. Kwa hiyo mkiniona nahangaika na paka msinione nimechanganyikiwa.

Sasa kasheshe ilianza Jumanne asubuhi. Natoka bafuni, taulo kiunoni, namkuta Kibogoyo uani kamkaba Bizari katikati ya magoti, mkono mmoja kashika mswaki wake wa waridi, na povu limejaa hadi kwenye sharubu. Za paka.

"Unafanya nini wewe?"

"Mwalimu kasema kila mwenye meno lazima apige mswaki."

Hebu niambie, hapo unajibu nini? Nilicheka, nikamfungulia paka, akakimbilia uvunguni akikohoa na kupiga chafya. Dawa yenyewe ilikuwa ile ya watoto yenye harufu ya stroberi. Nikajisemea, kama mtoto anaimeza kila siku na hafi, paka atakufaje? Nikavaa, nikaenda kazini. Nisameheni, nilikuwa sijui.

Jumatano nikirudi, Bizari kaacha dagaa wake sahanini. Ute unamtoka, kinywa kinanuka, anatafuna kila kitu: waya wa chaja, kandambili, kona ya mkeka. Kwenye mkeka nikaona tone la damu. Nikamfunua mdomo, nikaona fizi nyekundu kama amekunywa rangi. Daktari mimi nikatoa jibu palepale: jino limeoza.

Ukiishi nyumba ya kupanga hukosi washauri. Bibi mwenye nyumba akatoka na kichupa chake cha mafuta ya karafuu, akaniambia jino halina dawa nyingine, hata yeye ndiyo kaponea hayo miaka yote. Nikachovya pamba, nikampaka Bizari kwenye fizi. Weee! Alitoa ute ule mbaya, akajifuta mdomo kwa miguu yote miwili ya mbele kama mtu aliyepakwa pilipili. Mshikaji wangu wa chumba cha pili, fundi simu, akaja na lake: "Mwanangu, huyo ana maumivu tu. Mpe panadol. Robo, usimpe nzima, ni mdogo."

Robo! Nikaona hapo kweli kuna busara. Nikaisaga ile robo kwenye kijiko, nikachanganya na mchuzi wa dagaa. Tatizo likawa moja tu, paka hafungui mdomo. Nikakumbuka watu wanavyowanywesha kuku dawa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Nikaacha kijiko juu ya meza, nikamwambia Kibogoyo amshike mgonjwa, narudi sasa hivi. Nikaenda duka la dawa za mifugo pale barabarani.

Ni duka la kuku lile. Chakula cha kuku, dawa za kuku, chanjo ya kideri. Dada anayeuza alikuwa anampimia mteja pumba.

"Sista, naomba bomba la sindano, dogo."

"La kazi gani?"

"Kumnywesha paka panadol."

Aliacha mizani na mteja wake. Akaniangalia. "Kaka, umeshampa?"

"Bado, ipo kwenye kijiko nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

"Mtoto."

Msomaji wangu, nilivyotamka hilo neno ndiyo akili ilinirudi. Kibogoyo ni mtoto wa kufanya kazi bila kutumwa. Yule dada alisema maneno machache tu, kwamba panadol inaua paka, hata robo, hata paka mkubwa. Sikusubiri chenji maana hata hela nilikuwa sijatoa. Bodaboda ya kwanza iliyopita nikaidandia, umbali ambao kila siku natembea kwa mguu.

Nilimkuta mpwa wangu amekaa kwenye ngazi, Bizari kafungwa ndani ya khanga kama mtoto mchanga, kijiko mkononi. Kijiko kilikuwa na nusu.

"Anko, amekataa. Nyingine imemwagika."

Imemwagika wapi? Kwenye khanga kulikuwa na doa la mchuzi. Kwenye kidevu cha paka kulikuwa na mchuzi pia. Amemeza au hajameza, nani atajua? Paka hasemi. Na mtoto anakutazama, anangoja umsifu.

Sikumgombeza. Nilichukua boksi la viatu, tukaingia watatu kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo Mikocheni. Njiani niliambiwa na Kibogoyo kwamba ninaendesha mguu kama cherehani.

Daktari alikuwa kijana tu, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Hakutania. Alimfungua mdomo Bizari, akatazama rangi ya fizi, akaniuliza saa ngapi, kiasi gani, akaagiza tukae. Wakati tunakaa ndiyo akanieleza, na mimi nakueleza wewe kwa sababu kwenye nyumba yako panadol iko, usibishe.

Ini la binadamu lina njia ya kuivunja panadol ikatoka mwilini. Ini la paka njia hiyo ni kama halina. Kwa hiyo dawa inageuka sumu, inashambulia damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Fizi zinaacha kuwa za waridi, zinakuwa za kahawia au za buluu. Uso unavimba, miguu inavimba, paka anahema kama amekimbia kilomita. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na kwa paka hakuna kipimo cha kusema hiki ni salama. Ipo dawa ya kupambana nayo, ileile inayotumika hospitalini kwa watu waliozidisha panadol, lakini inataka uwahi, saa zinahesabiwa.

Na karafuu? Hadithi ni hiyohiyo. Yale mafuta yanayotuliza jino lako yana kitu ambacho ini la paka linashindwa kukisafisha. Nilivyosema nimempaka fizini, daktari alichukua kitambaa chenye maji akamfuta taratibu, akatikisa kichwa. Hakunitukana, lakini kile kichwa kilivyotikisika nilijiona mshamba.

Tulikaa pale tangu saa kumi na moja hadi saa tatu usiku. Kila baada ya muda daktari anafunua mdomo, anatazama fizi. Waridi. Anarudi. Waridi. Kibogoyo akawa anazitazama na yeye, akatangaza rangi kabla ya daktari. Mimi nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia dada yangu, na kila niliyoitunga ilikuwa mbaya kuliko iliyopita. Mwisho daktari akasema inaelekea hakumeza, au amemeza tone tu, turudi naye ila tumwangalie usiku kucha, na rangi ikibadilika nipige simu hata saa nane.

Nikauliza: "Na lile jino lililooza?"

Hapo ndiyo alicheka kwa mara ya kwanza. Akaniambia hakuna jino lililooza. Paka anang'oka meno ya utoto.

Jamani, mlikuwa mnajua kwamba paka ana meno ya utoto? Mimi nilidhani paka anazaliwa na meno yake, basi. Kumbe anazaliwa kibogoyo. Meno yanaanza kuchomoza akiwa na wiki mbili, tatu hivi, na akifika karibu miezi miwili yametimia, 26. Kibogoyo wangu alinuna aliposikia hivyo, maana mtoto wa binadamu ana 20 tu. Kuanzia miezi mitatu na kitu yale ya mbele yanaanza kudondoka, zikifuata chonge na ya pembeni, na akifika miezi sita au saba anakuwa na meno 30 ya kudumu. Katikati hapo fizi zinawaka, ute unatoka, kinywa kinanuka kidogo, damu tone moja mbili, na anatafuna chochote. Chakula anaweza kukisusa siku moja, mpe laini. Akikisusa kabisa, au ute unamtoka kama bomba, au unamwona analia akitafuna, hapo si meno tena, peleka kwa daktari. Hali kadhalika akipita miezi sita ukaona chonge mbili zimesimama sambamba upande mmoja, ya utoto na ya ukubwa. Ile ya utoto imegoma, lazima ing'olewe kwa ganzi, usimwachie fundi simu.

Basi mimi, kwa kuwa dhamira ilikuwa inanisuta, nikataka kununua kila kitu. Nikamwambia daktari aniandikie orodha nzima ya vifaa vya meno. Akasema hapana, kitoto cha paka hakihitaji orodha, kinahitaji kidole chako. Mimi nikaona huyu bwana biashara haijui. Jumamosi nikaenda mwenyewe kwenye duka moja la mjini linalouza vitu vya mbwa na paka, lile la viyoyozi, ukiingia unajiona umevaa ovyo.

Wee, usiombe! Rafu nzima ya meno. Mswaki wa mpini mrefu, mswaki wa kuvaa kidoleni, dawa ya kusugulia, dawa ya kupuliza, maji ya kutia kwenye maji ya kunywa, biskuti za meno, kamba za kutafuna, mifupa ya plastiki, mifupa ya kweli. Kila pakiti ina picha ya paka anacheka. Paka gani anacheka? Nilichofanya safari hii, kwa kuwa nilishapata adabu, nilisoma kila pakiti mpaka muuzaji akaanza kunifuata nyuma.

Nianze na dawa ya kusugulia, maana hapo ndipo penye hatari. Dawa yetu sisi, hata ya watoto, hata ya stroberi, si ya paka. Sisi tunasukutua na kutema. Paka hajui kutema, kila unachomtia anakimeza. Kwa hiyo madini ya floridi yanayolinda jino lako yanamwingia yeye tumboni, na sabuni inayotoa povu inamvuruga. Nyingine zina sukari ya bandia inayoitwa zailito, ambayo mbwa imeshawaua, na hakuna sababu ya kumjaribia paka. Magadi ya kupikia vilevile acha, yana chumvi nyingi mno kwa mwili wa gramu elfu moja na nusu. Mkaa wa bibi nao unakwangua jino. Dawa ya paka yenyewe imeandikwa wazi kwamba ni ya paka, haina povu, haina floridi, ina vimeng'enya vya kupambana na ukoga, na ladha yake ni ya kuku au samaki. Ndiyo, kuku. Nilinusa, nikakumbuka sijala.

Bomba lake ni dogo na bei yake ningekula chipsi mayai wiki nzima. Lakini unatumia kiasi cha punje ya harage, linakaa miezi. Nikanunua.

Mswaki wa mpini sikununua. Ule wa mbwa ni mkubwa kuliko kichwa cha Bizari. Ule wa kuvaa kidoleni ni mzuri ukiwa laini, ila kidole changu mimi fundi wa kushona maneno ni kinene, nikikivalisha na ile plastiki mdomo wa kitoto hautoshi. Daktari alishaniambia mbadala: kitambaa cha gozi, ile ya kufungia vidonda, unakizungusha kwenye kidole cha shahada, unalowesha kwa maji. Gozi inauzwa duka lolote la dawa. Baadaye akishatimiza meno ya ukubwa ndiyo utafute kimswaki kidogo chenye nywele laini kabisa.

Biskuti za meno nimeziacha kwenye rafu. Si kwamba ni feki, zipo zinazofanya kazi. Lakini pindua pakiti, soma umri. Nyingi zimetengenezwa kwa paka mkubwa, na vile vile vyakula vikavu vya punje kubwa vya kukwangua meno. Kitoto cha miezi minne kinataka chakula cha kukua, hakitaki kuanza kukwaruza kitu ambacho chenyewe kinang'oka kesho. Utakuwa unapiga rangi nyumba ambayo wiki ijayo inabomolewa.

Yale maji ya kutia kwenye maji nayo nikayaweka chini. Paka kwa asili ni mvivu wa kunywa, ukimbadilishia ladha ya maji anaweza kuyasusa, na joto hili la Dar umemtafutia balaa lingine.

Mifupa? Kanuni niliyopewa ni hii: kandamiza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama, hicho kigumu mno, kitavunja jino. Mifupa ya kuku iliyopikwa ndiyo usiguse, inapasuka vipande kama vijiti vya sindano. Kwa fizi zinazowasha mpe kitambaa kilicholoweshwa na kuwekwa kwenye friji, akitafune huku unamwona, au mdoli laini wa mpira.

Na kamba, kamba, kamba! Hapa kina dada nisikilizeni, nyie wasusi hasa. Uzi wa kusukia, rasta, uzi wa kusafishia meno, ule wa cherehani, usiache chini kwenye nyumba yenye kitoto cha paka kinachoota meno. Atautafuna, na ulimi wake wenye miiba hauwezi kuutema, unaelekea ndani tu. Uzi ukinasa chini ya ulimi, mwisho wake unakwenda kuukunja utumbo kama unavyokunja suruali kwa mkanda wa kamba. Hapo ni upasuaji. Ukimwona na uzi unaning'inia, mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Kimbia kwa daktari.

Sasa kama pakiti zote zinasema "bora", utachaguaje? Kuna baraza moja Marekani linaitwa Veterinary Oral Health Council, lilianza mwaka 1997. Kampuni inayotaka alama yao inapeleka matokeo ya majaribio, baraza linayapitia, na ikiridhisha inaruhusiwa kuweka alama ya VOHC kwenye pakiti, kwamba inapunguza ukoga laini au ule mgumu. Kwenye rafu nzima ile niliiona kwenye pakiti mbili tu. Bidhaa isiyo na alama si lazima iwe mbovu. Ila yenye alama, angalau kuna mtu aliwahi kuuliza maswali.

Utaniuliza, mshikaji, meno yenyewe si yatang'oka, ya nini kusugua? Na mimi nilimuuliza daktari hivyohivyo. Akanijibu kwamba sasa hivi hatusugui meno, tunamfundisha paka. Paka aliyezoeshwa kidole mdomoni akiwa mdogo ukubwani anakupa meno yake. Asiyezoeshwa anakupa kucha. Na ukubwani ndiko kwenye kazi: ule ukoga laini ukiachwa siku chache unaganda ukawa kama chokaa ya sufuria, na hapo mswaki hautoi tena, ni kulazwa kwa ganzi na kukwanguliwa. Paka wengi wakifika miaka mitatu fizi zao zimeshaanza kuugua, na wenyewe hawasemi. Wanakula huku wanaumia.

Basi ndiyo tuko kwenye mafunzo. Wiki ya kwanza hakuna kusugua, Bizari analamba dawa ya kuku kwenye kidole, anashuka. Siku fizi zikiwa nyekundu sana tunaishia hapo. Baadaye unanyanyua mdomo upande mmoja, unagusa jino mara mbili, unamsifu. Kisha gozi, upande wa nje tu wa meno ya juu, sekunde chache. Upande wa ndani ulimi wake wenyewe unajitahidi. Akianza kupiga mkia chini, mwachie, usishindane. Ni kila siku, saa ileile, bora kidogo kila siku kuliko vita ya Jumapili.

Na kabla hujatia kidole hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, akishafika miezi mitatu anachanjwa. Jina lisikudanganye, kichaa hicho paka wanacho pia. Akikung'ata na hajachanjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiseme ni kitoto.

Kuhusu dada yangu... Nilikuwa nimepanga kumweleza taratibu, kwa mafungu, nikianzia na hali ya hewa. Kibogoyo alinipokonya simu. "Mama, Bizari nusura afe, Anko alimsagia panadol, lakini fizi zake ni waridi." Yote, kwa pumzi moja. Dada alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akaniomba nimtumie picha ya fizi. Sasa namtumia kila jioni, na ya paka na ya mtoto.

Panadol za nyumba hii ziko kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati, na bibi mwenye nyumba nimemrudishia kichupa chake kwa heshima zote. Hakuamini. Akasema paka wa zamani hawakuwa hivyo.

Juzi Alhamisi Kibogoyo aliokota kitu mkekani, kidogo kama punje ya mchele iliyokatika. Jino la Bizari. Daktari alisema mengi huwa wanayameza wenyewe, kulipata ni bahati. Akataka tulirushe juu ya bati kama tulivyorusha yake, ili Bizari apate jipya. Lilikuwa dogo hivyo hata halikutoa mlio. Akasimama pale anangoja mlio, nikalazimika kurusha kijiwe.

Saa mbili hii, mwalimu wa mswaki ananiita uani na gozi lake mkononi. Tuonane wiki ijayo, nitawapa ule mkasa wa harusi ya Tegeta niliouahidi.